Mita 402 za Lami



Kazi ya kusoma habari imenifundisha sentensi moja ambayo naweza kuisoma nikiwa nimefumba macho: chanzo cha ajali hiyo ni mwendo kasi. Nimeisoma mara nyingi mno. Nikishaisoma hugeuza karatasi na kuendelea na bei ya mahindi. Juma hili sitageuza karatasi, kwa sababu safari hii mimi mwenyewe nilikuwamo ndani ya gari.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliuza mahindi ya misimu miwili, akaongeza fedha za mkopo, akaenda Dar es Salaam kununua gari. Sote tulitegemea atarudi na Fuso, au angalau pikapu ya kubebea mbolea. Alirudi na Subaru Legacy B4, saluni ya rangi ya fedha, viti vya ngozi, na bomba la ekzosi ambalo mdomo wake ni mpana kama kopo la maziwa. Dada yangu alilizunguka mara moja, akauliza linabeba magunia mangapi. Hakujibiwa.

Tuseme kweli, gari lile ni gari. Siwapendi watu wanaohubiri juu ya jambo wasilolijua, kwa hiyo nilijifunza kwanza. Injini yake ni ya lita 2, ina silinda 4 zilizolala ubavu, mbili huku na mbili kule, zikirushiana ngumi kama mabondia. Toleo lililotoka Japani mwaka 1998 lilikuwa na turbo mbili na nguvu za farasi 280, kiwango ambacho viwanda vya Japani vilikuwa vimekubaliana visikivuke, mpaka makubaliano hayo yalipovunjwa mwaka 2004. Magurudumu yote manne yanavuta. Gari jingine lenye nguvu hiyo ukilikanyaga ghafla, magurudumu mawili huzungukia pale pale yakichoma mpira. Hili hushika lami na kuondoka, na abiria hubandikwa kwenye kiti kama stempu kwenye bahasha. Kiwandani hufungwa kidhibiti ili lisipite kilometa 180 kwa saa. Kitu cha kwanza wanachofanya vijana wetu ni kukiondoa. Cha pili ni kuichezea kompyuta ya injini ili turbo isukume hewa zaidi.

Hapa kwetu turbo ina maana kuliko huko pwani. Sumbawanga iko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini inayojivutia hewa yenyewe hupoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake. Dereva anayepanda na gari lake kutoka Dar es Salaam hudhani limechoka na safari, kumbe limekosa pumzi. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi, nayo hukandamiza hewa na kuisukuma ndani ya silinda. Mswisi Alfred Büchi aliandikisha uvumbuzi wake mwaka 1905, na mwaka 1918 Wamarekani walipotaka kujua kama utafaa kwa ndege, hawakurusha ndege. Walipandisha injini juu ya mlima Pikes Peak, zaidi ya mita 4,000, mahali ambapo hewa ni haba. Injini iliyokuwa na nguvu za farasi 350 huko chini ilishuka hadi 230 kileleni. Walipoifunga turbo ikatoa 356.

Wazee wa Ufipa wangewaelewa Wamarekani hao mara moja. Walifua chuma kwa tanuri mbili. Ya kwanza, ilungu, ilikuwa ndefu kupita kimo cha mtu na ilijivutia hewa yenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado na uchafu, kwa hiyo kilipelekwa kwenye tanuri ndogo, kintengwe, ambayo ilipulizwa kwa mivuba. Kintengwe ndiyo turbo ya Mfipa. Nilimwambia mpwa wangu hivyo, akacheka, akasema Mjomba umeanza mambo ya makumbusho.

Ila turbo haitoi bure. Ili ifidie wepesi wa hewa yetu inalazimika kuzunguka kwa kasi kuliko ambavyo ingezunguka Tanga au Mtwara, na hewa iliyokandamizwa zaidi huwa ya moto zaidi. Tena magari haya huko kwao hunyweshwa petroli ya oktani 100, na ya pampu zetu iko chini ya hapo. Ukiongeza sukumo la turbo bila hesabu, injini huanza kugonga, na mwishowe pistoni hutoboka. Mpwa wangu amekwisha kuifungua injini ile mara mbili. Fedha za mara ya kwanza zilikuwa zake. Za mara ya pili ndizo dada yangu anazouliza hadi leo, maana mwaka ule shamba lilipandwa bila mbolea.

Sasa nije kwenye lami. Vijana wanaosikiliza hawawezi kujua barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilikuwaje. Sisi tunajua. Masika ilikuwa siku nzima, na mara nyingine siku na usiku wake, abiria wakishuka kusukuma basi mpaka magoti yawe mekundu kwa tope. Leo ni lami, kilometa zaidi ya 220, iliyojengwa kwa fedha za Marekani za Changamoto za Milenia chini ya mkataba uliotiwa saini mwaka 2008. Mgonjwa anafika Mbeya akiwa hai. Mahindi yanaondoka kabla ya kuharibika. Na kwa kuwa uwanda wetu ni uwanda kweli, zipo sehemu ambako lami inanyooka mpaka macho yanachoka. Wenye magari yaendayo kasi waliziona sehemu hizo kabla ya sisi wengine.

Mchezo wenyewe ni mfupi. Magari mawili husimama sambamba, moja upande wake na jingine upande wa wanaokuja. Kijana mwenye tochi husimama mwisho wa mita 402, ambayo ni robo ya maili ya Kiingereza. Mwingine hutangulia mbele kuwazuia wanaokuja, kama wapo na kama watakubali kuzuiwa. Tochi ikishuka, mbio. Kwa gari kama lile ni sekunde kama 14, basi. Fedha hubadili mikono gizani. Aliyeshindwa husema mwenzake ana dawa, nanyi mnajua jina la mji wetu linavyotafsiriwa: tupa uchawi. Nadhani waliolitoa jina hilo hawakutegemea uchawi utafungwa ndani ya boneti.

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, jioni, baridi yetu ile ya Julai, mpwa wangu aliniomba nipande nione. Nilikwenda kama mwandishi wa habari. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Tochi iliposhuka nilisahau uandishi. Nilisikia sauti ya mtu mzima ikipiga kelele, "Kanyaga! Kanyaga!" na ilinichukua muda kutambua kwamba sauti ile ni yangu.

Tulishinda. Ndipo, mbele ya kijana mwenye tochi, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akiangalia kwa sababu mashindano yalikuwa yamekwisha, alitokea mama mmoja akikokota baiskeli yenye gunia, anavuka barabara.

Kilometa 150 kwa saa ni karibu mita 42 kwa kila sekunde. Hata ukiwa mwepesi wa mguu, sekunde moja imepita kabla hujafika kwenye breki. Kisha gari lenye breki nzima, kwenye lami kavu, linahitaji mita 120 na zaidi kusimama. Hesabu hizo nilizifanya baadaye nyumbani. Wakati ule niliona tu taa zetu zikimmulika, na uso wake ukigeuka. Mpwa wangu alivuta usukani, tukapita kati ya mama yule na ukingo wa barabara, nikasikia kitu kikigonga ubavuni. Kilikuwa kikapu kilichofungwa kwenye baiskeli. Yeye aliangukia mtaroni. Alikuwa mzima. Gunia lilipasuka, ulezi ukamwagika barabarani, na kwenye mwanga wa taa uling'aa kama mchanga wa ziwani.

Tulimwinua, tukaokota tulichoweza. Vijana wengine walikwisha kuondoka. Sikutoa taarifa polisi, wala habari ile sikuisoma redioni. Mtu ambaye kila juma hukemea mwendo kasi alikaa kimya, kwa sababu sentensi ingebidi iseme na nani alikuwa akipiga kelele kiti cha mbele.

Nilipomkabili mpwa wangu alinijibu vizuri kuliko nilivyotegemea. "Mjomba, mbona Safari Rally mliishangilia?" Na ni kweli, tuliishangilia. Mbio zile zilianza mwaka 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi zilipita kwenye barabara zilizokuwa wazi kwa watu wote, madereva wakikutana na malori, ng'ombe na watoto wa shule. Gari la mpwa wangu lina ukoo humo. Mwaka 1990 Mkenya Patrick Njiru aliimaliza Safari kwa Subaru Legacy ya Kundi N, yaani gari lililo karibu sana na lile linalouzwa dukani, na halikuwapo gari la kundi hilo lililokuwa limewahi kuimaliza kabla yake. Mwaka 1994 akashika nafasi ya nne kwa Subaru Impreza. Hapa Afrika Mashariki kijana akipenda Subaru hapendi bati tu. Anapenda habari kwamba mmoja wetu alisimama na Wazungu na Wajapani akafika.

Lakini hata Safari ilibadilika. Timu kubwa zilikuwa zikirusha helikopta juu ya gari ili kumwonya dereva kuna nini mbele, na hilo peke yake linaonyesha wenyewe waliiogopaje barabara iliyo wazi. Iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 ilikimbizwa kwenye njia zilizofungwa. Mpwa wangu hana helikopta. Ana kijana mwenye tochi.

Na mbio hizi fupi nazo, huko zilikozaliwa, zilianza hivi hivi. Vijana wa California walikimbizana mitaani mpaka wenye miji wakachoka nao. Mwaka 1950 huko Santa Ana walipewa kipande cha uwanja wa ndege, wakawa wanakimbia hapo kwa kiingilio. Mwaka uliofuata Wally Parks akaunda chama cha kuwatoa barabarani, nacho kipo hadi leo. Hata kwenye viwanja vyao vilivyojengwa kwa kazi hiyo, mwaka 2008 dereva mmoja alipokufa huko New Jersey, magari yenye kasi kupita yote yalipunguziwa mbio kutoka mita 402 hadi 305, ili yabaki na nafasi ya kusimama. Walipunguza mbio kwa ajili ya breki! Sisi tunazitumia zote, na breki tunaziachia kijiji.

Kwa hiyo nasema, na wapo watakaonikasirikia pande zote mbili. Kukamata tu hakutoshi, maana wakikamatwa Kizwite watahamia Laela. Kuna Chama cha Magari Tanzania, AAT, ambacho ndicho chenye mamlaka ya mashindano ya magari nchini. Vijana waandike barua, halmashauri na polisi wakae nao, pafungwe mahali asubuhi moja ya Jumapili, matairi yakaguliwe, kofia ngumu zivaliwe, gari la wagonjwa lisimame pale. Si rahisi, na fedha zake zitatafutwa. Na hadi hapo gari libaki nyumbani. Sina maneno laini zaidi ya hayo, na mpwa wangu nimekwisha kumwambia, naye hajanijibu.

Juma lililopita nilirudi kule mchana na kamba niliyoipima. Nilianzia pale magari yanaposimama. Ndani ya mita 402 nilihesabu vijia vitatu vya miguu vinavyokata barabara, kimoja kikitoka kwenye pampu ya maji. Nikaongeza mita 200 za kusimamia: njia ya mkokoteni wa ng'ombe, na mahali watoto wanapovuka kwenda shule. Gari halina habari na kitu chochote kati ya hivyo.

Kisha nilikwenda kumtafuta yule mama. Nilikuwa na fedha za ulezi kwenye bahasha. Alinikaribisha kwenye kigoda, akanipa maji ya kunywa, akanitazama sana. Alisema sauti yangu anaifahamu, lakini hakumbuki ni ya redioni au ya siku ile. Nikamwambia ni zote mbili.

Bahasha aliipokea, akahesabu, akarudisha sehemu, akasema gunia halikuwa limejaa. Kisha akaniuliza neno moja.

"Mwanangu, mnakuwaga saa ngapi? Mtuambie tu saa, tuwaweke watoto ndani."