Pasi na Mpaka wa Namanga



Mpaka huu hatukuuchora sisi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipiga mstari toka pwani hata Ziwa Viktoria, wakaupinda penye Kilimanjaro. Mmasai hakuulizwa. Na ng'ombe hawakuulizwa, ndiyo maana hata leo huvuka bila pasi.

Hatusemi serikali isijue nani anaingia. Mwizi naye huvuka. Lakini karatasi za kuwekeana njiani tunazijua. Katika miaka ya 1920 ndugu zetu wa Kenya walivaa kipande shingoni, ndani ya kikasha cha bati.

Mkataba wa Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ulianza kazi Julai 2010. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zikakubali raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa tu. Tanzania haikuwamo. Desemba 2018 kituo cha pamoja cha Namanga kikafunguliwa rasmi, foleni mbili zikawa moja. Vizuri. Ila jengo si ruhusa.

Tulimsindikiza mama mmoja aliyefiwa na dada yake upande wa Kajiado. Kitambulisho anacho, pasi hana. Akaambiwa arudi akatafute hati ya dharura. Alipovuka, kaburi lilikwisha fukiwa.

Basi tunadai kitambulisho cha taifa kitoshe Namanga, Holili, Sirari na Horohoro. Barua iko mezani kwa katibu. Asiyejua kuandika aweke dole gumba.