Mwamba Uliopigwa Mara Mbili



Wapenzi wasikilizaji, katika parokia zetu tunahudhuria semina nyingi za uongozi. Twafundishwa kuendesha mikutano, kutunza daftari la fedha na kugawana kazi. Mafunzo hayo ni mema, tena ni ya kale. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18, Yethro alimkuta Musa, mume wa binti yake, akiwaamua watu peke yake tangu asubuhi hata jioni. Akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Musa, ingawa alikuwa mkuu wa taifa, alikubali kufundishwa. Unyenyekevu wake ndio uliolipa somo lile nafasi ya kuzaa matunda.

Lakini Musa huyo huyo, katika Hesabu sura ya 20, aliagizwa auambie mwamba utoe maji. Naye kwa hasira akaupiga mara mbili. Maji yalitoka, watu wakanywa, ila yeye hakuingia nchi ya ahadi. Ujuzi wa kugawa kazi haukumfundisha kuitawala hasira yake.

Mwaka 1990 wataalamu wawili wa Marekani, Peter Salovey na John Mayer, waliandika juu ya akili ya hisia, yaani uwezo wa mtu kutambua hisia zake na za wenzake, na kuziongoza vema.

Nasi tuungame. Tuliwahi kurudi kutoka semina na vyeti mkononi. Juma lile lile mama mmoja mjane aliuliza katika jumuiya habari za mchango wa mazishi. Hesabu zetu zilikuwa sahihi, lakini tulimjibu kwa ukali, kana kwamba ametuita wezi. Hakuja tena. Tulipokwenda kumwomba radhi, alisema hakuwa na shaka na fedha. Alitaka kujua kama yeye, aliyeshindwa kuchanga, angezikwa na jumuiya.

Ndugu makatekista, mnapowaandaa viongozi, msiishie kwenye daftari. Wazoezeni kupokea swali linalochoma, kunyamaza kwanza, kisha kuuliza kwa upole, "Mama, ni nini kinachokusumbua?" Na kila kiongozi awe na Yethro wake, mtu aliye huru kumwonya.

Bwana atujalie moyo unaofundishika. Amina.