Miti ya Asili Uani

Kwenu mliopo Mabalako na pande zote za Beni na Butembo, leo tumekusudia kunena juu ya miti ya asili ipasayo kupandwa uani, kwani mkaratusi, uliotoka Australia, umeenea vilimani hata vijana hudhani ndio mti wa babu zao. Una manufaa kwa mbao na makaa, hilo hatulikatai. Lakini karibu na kisima si jirani mwema, maana hunywa maji mengi.

Akaaye katika baridi ya Butembo aufikirie Prunus africana, ambao gome lake, kwa tamaa ya dawa ya tezi dume inayouzwa Ulaya, lilibambuliwa hata biashara yake ikawekwa chini ya mkataba wa CITES, usimamiao biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1995. Mbegu zake hazistahimili kukaushwa: okoteni matunda yaliyoiva, yenye rangi ya zambarau, ondoeni nyama, mzipande mara moja kitaluni penye kivuli.

Katika joto la Mabalako hufaa Markhamia lutea, wenye maua ya manjano; maganda yake marefu, membamba, huchumwa yanapoanza kupasuka, kabla upepo haujazichukua mbegu zenye mbawa.

Muuza miche asiyejua mbegu zake zilitoka mti gani, mpiteni. Ombeni kwa jirani, wala msing'oe miche ndani ya Hifadhi ya Virunga, kwani sheria yakataza. Na mashimo yachimbwe mapema, kabla mvua hazijashika.