Mvua Ambayo Haikunyesha



Agosti 2023, ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha jumuiya ya kikanda ya IGAD chenye makao yake Nairobi, kilitangaza kwamba mvua za vuli zingezidi wastani katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika. Mamlaka za hali ya hewa za Kenya na Tanzania nazo zikatoa tahadhari ya El Niño. Oktoba, Rais William Ruto akawaambia Wakenya kwamba wataalamu wamepunguza makadirio yao na El Niño ya maafa haitakuwepo. Novemba mvua ikashuka. Mto Tana ukafurika, Garissa na Mandera zikatengwa na sehemu nyingine za Kenya, na kufikia mwanzoni mwa Desemba Wakenya zaidi ya mia moja walikuwa wamekufa. Magazetini na vijiweni mjadala ukawa mmoja: nani alisema kweli, nani alidanganya? Swali hilo ni tamu kisiasa, lakini ninavyoona mimi ndilo linalotupotosha. Linayapima maandalizi kwa mvua iliyokwisha kunyesha, ilhali anayejiandaa hulazimika kuamua kabla tone la kwanza halijaanguka.

Mkanganyiko huu una historia. Mvua za 1997 ziling'oa madaraja na kufunga barabara, kisha homa ya Bonde la Ufa ikaua watu na mifugo kaskazini mashariki mwa Kenya. Tangu hapo El Niño ikawa jina la balaa. Mwaka 2015 joto la Bahari ya Pasifiki, ambalo ndilo kiini cha El Niño, lilipanda likakaribiana na la 1997, tahadhari zikatolewa, fedha zikatengwa, na mvua, ingawa iliua watu katika maeneo kadhaa, haikufikia kiwango kilichohofiwa. Wataalamu wakawa kichekesho. Lakini maelezo ya kilichotokea yapo katika bahari iliyo karibu nasi zaidi. Vuli yetu hutegemea sana tofauti ya joto kati ya pande mbili za Bahari ya Hindi: upande wa Afrika ukipata joto kuliko upande wa Indonesia, mawingu ya mvua hukusanyika huku. Mwaka 1997 Pasifiki na Hindi zilivuta kamba upande mmoja. Mwaka 2015 Hindi ilichangia kidogo. Mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa karibu imetulia, ila tofauti ile ya Bahari ya Hindi ilikuwa kubwa mno, na tukafurika bila El Niño ya kusingizia. Mwaka 2023 bahari zote mbili zikakutana tena, juu ya dunia ambayo gesijoto zimekwisha kuipasha moto. Kila nyuzi moja ya Selsiasi inapoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7. Watafiti wa World Weather Attribution walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliifanya mvua ya vuli ile iwe kubwa hadi mara mbili ya ambavyo ingekuwa.

Kwa hiyo mtabiri wa msimu hasemi kitakachotokea, anataja uwezekano. Akisema uwezekano wa mvua kuzidi wastani ni asilimia 60, amesema pia kwamba katika misimu kumi ya namna hiyo, minne haitazidi wastani. Msimu wa 2015 haumfanyi mwongo. Wala uamuzi wa kuzibua mitaro, kuondoa dawa kwenye ghala la bondeni na kufikisha chakula Garissa kabla barabara haijakatika hauwi kosa kwa kuwa mvua imepunguka. Mitaro iliyozibuliwa inabaki wazi, na chakula kitaliwa. Asiyefanya hayo akapatwa na mafuriko hulipa kwa maisha ya watu. Hasara hizi mbili zikipishana kiasi hicho, hata uwezekano wa asilimia 30 unatosha kuanza kazi. Lawama ninayowapa wenzangu wa hali ya hewa ni ya lugha. "Mvua za wastani hadi juu ya wastani" ni kauli isiyomwambia mkazi wa bonde la Jangwani, Dar es Salaam, kama maji yatafika magotini au darini, na mtu hawezi kuhama nyumba kwa sababu ya wastani.

Wapo wanaosema tabianchi imekuwa kisingizio cha mipango miji mibovu. Wana hoja nzito. Aprili 2024 Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa Tanzania wakati huo, aliliambia Bunge kwamba mvua na mafuriko yamekwisha kuua watu 155; aliitaja El Niño, akataja pia ukataji miti na kilimo kisichohifadhi ardhi. Uchambuzi wa World Weather Attribution kuhusu masika ile uliona mchango wa ongezeko la joto duniani kuwa mdogo, kama asilimia 5, na haukuiona El Niño kabisa. Ulichokiona ni watu wengi waliojenga mahali pa maji. Naikubali hoja hiyo yote, na inanisaidia. Anayeamini tabianchi imebadilika na asiyeamini wanahitaji mtaro uleule. Vivyo hivyo kwa ukame: eneo lililokosa misimu mitano mfululizo ya mvua, kuanzia mwishoni mwa 2020, ndilo lililofurika 2023, na wafugaji wake hawana nafasi ya kuchagua maafa ya kujiandaa nayo.

Pingamizi linalonipa taabu zaidi ni la fedha. Fungu la dharura likitengwa mapema, wananchi hunusa wizi, na hawakosei kila mara. Lakini fedha za dharura baada ya maafa huibwa kwa urahisi zaidi, kwa kuwa manunuzi hufanywa mbiombio na hakuna anayethubutu kudai stakabadhi mbele ya maiti. Kinga ni kuandika mapema, hadharani, kwamba utabiri ukifika kiwango fulani, kiasi fulani kitatoka kwa kazi zilizoorodheshwa, halafu mkaguzi apite mvua inyeshe isinyeshe. Tusiseme hayo ni ya matajiri. Kimbunga cha 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 katika nchi ambayo leo ni Bangladesh. Mwaka 1972, ikiwa fukara na imetoka vitani, ikaanzisha mpango wa wajitoleaji wa kuonya vijiji. Kimbunga Amphan kilipokuja 2020 zaidi ya watu milioni 2 walihamishwa, na waliokufa Bangladesh hawakufika mia.

Wengine watasema walipe waliochafua, maana mchango wa Afrika yote katika hewa chafu ya dunia hauzidi asilimia 4. Walipe, ndiyo. Ila mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh 2022 ulizinduliwa Dubai mwaka uliofuata kwa ahadi zilizokaribia dola milioni 700, kwa nchi zinazoendelea zote, na kwa asili yake hulipia kilichokwisha kuharibika. Kudai fedha hizo ni kazi ya mawaziri, na itachukua miaka. Mitaro ya kabla ya vuli iko mikononi mwa mabaraza ya madiwani, na kikao cha kuyauliza hufanyika kabla ya Oktoba.