Tuhesabu kwanza, dawa ije nyuma
Maneno tuliyosema ku mukutano wa chama, Mwadingusha



Tuanze na deni. Msimu uliopita wengi wenu mlikopa feza ku mfuko wa chama kwa kununua dawa ya viwavi. Sisi wa shirika njo tuliwapa shauri hilo, na tulilitoa kwa kuchelewa. Mahindi yalikuwa yamefika kifuani, kiwavi amekwisha kuingia katika moyo wa mhindi. Dawa ilibaki juu ya majani, yeye akaendelea kula ndani. Kosa lilikuwa letu, lakini deni mnalipa ninyi. Kwa hiyo leo hatukuja kugawa dawa.

Kiwavi huyu si vinkubala vyetu vya pori tunavyokula na bukari. Ametoka Amerika. Afrika alionekana mara ya kwanza mwaka 2016, upande wa magharibi, na kwa muda mfupi alifika karibu inchi zote. Mama yake ni nondo anayeruka usiku, na anaweza kufika kilomita 100 kwa usiku mmoja. Anataga mayai 100 mpaka 200 pahali pamoja, mara nyingi chini ya jani. Siku 3 hivi, yanapasuka. Kiwavi mkubwa utamjua kwa alama ya Y iliyogeuzwa juu ya kichwa, na madoa 4 yenye kufanya mraba karibu na mkia.

Wazee waliolima pamba wanaijua hadithi hii. Funza wa pamba akiisha kuingia ndani ya tumba, dawa haimpati tena. Na kule Afrika ya Magharibi, miaka ya 1990 ikielekea mwisho, funza walizoea dawa iliyopigwa kila msimu, hawakufa tena. Mkulima akalipa mara mbili: dawa kwanza, mavuno nyuma.

Basi, tufanye hivi. Mvua za kwanza zikishika, tupande wote kwa wakati mmoja. Shamba lililochelewa njo linalolisha nondo wa jirani. Mahindi yakiota, tuingie mushamba mara mbili kwa juma. Simama pahali 5, kila pahali angalia miche 10. Mayai ukiyaona, yaponde kwa vidole. Jani lenye vidirisha vyeupe linaonyesha viwavi wangali wadogo. Hapo ungali na nafasi. Ukiona unga kama wa msumeno katika moyo wa mhindi, yeye yuko ndani: mtoe kwa mkono, ao tia mchanga ao majivu kidogo. Siafu na nyigu tuwaache, wanatusaidia kazi.

Mahindi yangali madogo, kama kati ya miche 50 ile 10 imeliwa, hapo tuzungumze dawa, ipigwe asubuhi sana ao jioni. Chini ya hapo, vumilieni: mhindi ulioliwa majani kidogo unapona na kuzaa.

Dawa isiyo na karatasi ya maelezo, ile ya kupimwa ku kichupa sokoni, msiinunue. Na chupa zake msizioshe katika Tshangalele. Ziwa hilo njo mboga yetu. Wala msitie mafuta ya kupikia ndani yake.

Tunaomba chama kikate neno leo: mfuko usikopeshe feza ya dawa mpaka wanachama wawili wamehesabu shamba pamoja na mwenyewe. Na wale waliokopa kwa shauri letu, tunaomba wapewe muda mpaka mavuno yanayokuja. Wafadhili, hilo tunaliomba kwenu pia.

Mliporudi, wengi mlirudi na jembe tu. Shamba lisimalizwe na kiwavi, wala na deni la kumuua.