Jeki ya Uti wa Mgongo

Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu, daktari mpasuaji wa mifupa, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani.

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu wapendwa, wazee wenzangu wa bweni, na ninyi vijana mlioketi chini kwa sababu viti tumevikalia sisi:

Ndugu Mwenyekiti aliponiandikia barua ya kuniomba nieleze kazi yangu, alitoa sharti moja: nitumie maneno ambayo hata waliosoma mkondo wa sanaa watayaelewa. Nimejitahidi. Atakayesinzia, kosa ni la wali wa mchana, si langu.

Wengi wenu mnalikumbuka lile lori la shule, Bedford. Mwaka 1981, nikiwa Kidato cha Tatu, tulipelekwa porini kuchukua kuni. Wakati wa kurudi tukapata pancha ya gurudumu la nyuma, mahali penye mchanga. Mzee dereva wetu alikuwa amekwenda kutafuta maji ya rejeta. Sisi, kwa kuwa wiki hiyo tulikuwa tumefundishwa habari za nyenzo katika fizikia, hatukuona sababu ya kumsubiri. Tulitoa jeki, tukaiweka chini ya ekseli, tukaanza kupiga. Jeki ikarefuka vizuri, nasi tukashangilia. Lakini lori halikupanda. Jeki ndiyo iliyokuwa ikizama mchangani. Tukaongeza nguvu. Mwisho jeki ililala upande, lori likainama, na nusu ya kuni zikamwagika.

Mzee aliporudi hakutukemea. Aliiokota jeki, akaipangusa, akasema, "Jeki haina kosa, wanangu. Ardhi mliiuliza?" Kisha akachomoa kipande cha ubao nyuma ya kiti chake, akakilaza mchangani, akaiweka jeki juu yake, na lori likapanda. Naomba mliweke neno hilo akilini, maana nitalirudia.

Sasa tuje kwenye mgongo. Mtu mzima ana pingili 24 zinazocheza katika uti wa mgongo: 7 za shingo, 12 za kifua na 5 za kiuno. Chini yake zipo nyingine zilizokwisha kuungana, hadi kwenye kifandugu. Kati ya pingili na pingili, isipokuwa mbili za juu kabisa, kuna kisahani cha gegedu chenye ute katikati. Visahani hivi ndivyo springi zetu. Mchana kutwa uzito wa mwili huvikamua maji, na usiku tukilala huyanywa tena. Kijana akitaka kuthibitisha, ajipime urefu asubuhi na jioni: atajikuta asubuhi ni mrefu zaidi kwa kadiri ya sentimita 1.

Nyuma ya pingili kuna mfereji, na ndani yake umo ugwe mgongo, kamba ya fahamu itokayo kwenye ubongo, yenye unene unaokaribia wa kidole chenu cha mwisho. Kwa mtu mzima ugwe huo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kutoka hapo huteremka mishipa ya fahamu iliyokusanyika, ambayo madaktari waliifananisha na mkia wa farasi. Kila mshipa hutokea kwenye kitundu kati ya pingili mbili. Basi kisahani kikichakaa na kusinyaa, pingili ya juu hushuka, kitundu hubanwa, na mshipa ukibanwa mtu huona moto unateremka toka kiunoni hadi unyayoni. Ugonjwa uko mgongoni, lakini yeye husema mguu ndio mbovu.

Kuchakaa si sababu pekee. Wapo wanaoanguka kutoka kwenye mnazi au pikipiki, pingili ikapondeka. Wapo wenye saratani. Na upo ugonjwa unaotuhusu sana sisi, kifua kikuu cha uti wa mgongo. Mganga wa Kiingereza, Percivall Pott, aliueleza mwaka 1779, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Vijidudu hula sehemu ya mbele ya pingili, mfupa huporomoka, na mtu hupata kibyongo; wengine hupooza miguu. Wagonjwa wengi hupona kwa vidonge peke yake, wakivimeza mpaka mwisho wa matibabu. Kisu huhitajiwa hasa pale fahamu zinapobanwa au mgongo unapopinda mno.

Tangu zamani wapasuaji walijua kwamba penye pengo hapana budi kuwekwa kitu cha kubeba mzigo. Mwaka 1956 Hodgson na Stock, wakiwa Hong Kong, walitangaza njia yao ya kuuendea ugonjwa wa Pott kutoka mbele, kuuondoa mfupa uliooza, na kuliziba pengo kwa mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Baadaye, katika miaka ya 1970, daktari wa Marekani, George Bagby, akishirikiana na madaktari wa mifugo, alitengeneza kikapu cha chuma chenye matundu, kikajazwa chembe za mfupa. Hawakukiweka kwa binadamu kwanza, bali kwenye shingo za farasi waliokuwa wakiyumba kwa kubanwa ugwe mgongo. Mfupa ukaota kupitia matundu na kuziunganisha pingili. Mwaka 1996 vizimba vya jamii hiyo vilipata kibali cha serikali ya Marekani kutumika kwa watu.

Vizimba vya kwanza vilikuwa na kimo kimoja tu. Ukitaka kukiweka kirefu, unakipitisha kwa nguvu kando ya mshipa wa fahamu, na mshipa hauna subira. Ndipo mafundi wakabuni kizimba kinachopanuka. Kinaingia kikiwa kifupi, na kikishafika mahali pake kinafunguliwa. Kidogo huwekwa mahali pa kisahani. Kikubwa husimama mahali pa pingili nzima iliyoondolewa, nacho hurefuka kama eriali ya redio. Vingi hutengenezwa kwa titani, madini mepesi ambayo mfupa hukubali kushikamana nayo.

Kukiweka ni hivi. Mgonjwa hulazwa nusukaputi, kisha hugeuzwa kifudifudi. Kwanza tunahesabu pingili kwa mashine ya eksirei, tena tunarudia, maana kupasua pingili isiyohusika ni aibu isiyofutika. Tunapasua ngozi, tunasogeza misuli, tunaondoa kiungo kidogo cha upande mmoja ili kupata mlango. Mshipa wa fahamu tunausogeza polepole, kama mtu anayempisha bibi kizee mlangoni. Kisahani kilichochakaa tunakitoa vipande vipande. Halafu inakuja kazi ambayo mtazamaji huiona haina maana, nayo ndiyo kubwa: kukwangua gegedu lililobaki mpaka mfupa uonekane, bila kuujeruhi uso wake. Uso huo mgumu, kwa sehemu kubwa, una unene usiofika milimita moja. Chini yake mfupa ni laini, wenye vitundu kama sifongo.

Ndipo tunajaza chembe za mfupa mbele ya nafasi ile, tunaingiza kizimba kikiwa kimefungwa, na kwa chombo kama bisibisi tunakizungusha kifunguke. Kikiingia na kimo cha milimita 8, mathalani, chaweza kupanda hadi 11 au 12. Kwenye kioo unaziona pingili zikiachana na kitundu cha mshipa kikifunguka. Mwisho tunafunga skrubu na vyuma kwa nyuma ili pingili zitulie. Mgonjwa mara nyingi husimamishwa kesho yake, lakini kazi haijakwisha. Kizimba ni mshikizo tu. Mfupa ndio utakaounganisha, nao huchukua miezi kadhaa, wakati mwingine mwaka. Mvutaji wa sigara huucheleweshea mfupa wake kazi hiyo, na pengine huizuia kabisa.

Sasa niseme jambo ambalo halikuwamo katika barua ya Mwenyekiti. Mwaka 2014, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, alikuja mama mmoja mkulima, wa miaka 67. Pingili yake ya nne ya kiuno ilikuwa imeteleza mbele juu ya ya tano, na mguu wa kushoto ulimwaka moto hata asiweze kufika kisimani. Nikampasua. Kizimba kiliingia vizuri. Nikazungusha bisibisi, pingili zikaachana, na mkono wangu ukaniambia: basi, imekaza. Lakini picha ilikuwa nzuri, ndugu zangu, na chumbani walikuwamo madaktari vijana wakinitazama. Nikazungusha tena mara mbili. Picha ikawa nzuri zaidi.

Wiki ya sita alirudi akichechemea. Eksirei ilionyesha kizimba kimedidimia ndani ya pingili ya tano, kama jeki yetu ya mwaka 1981. Mifupa yake ilikuwa myepesi kwa umri, nami sikuwa nimeipima. Ardhi sikuiuliza.

Usiku ule sikulala. Ilikuwa rahisi kumwambia kwamba mifupa ya uzee ndiyo iliyoshindwa; nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Asubuhi nilikwenda kitandani kwake nikasema, "Mama, mifupa yako ni dhaifu, lakini mimi ndiye niliyezidisha. Ilinipasa niache mapema."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Ungesema ni uzee ningeamini, mwanangu." Tena akauliza, "Na sasa utajua pa kuachia?"

Nikamjibu kwamba nitajua.

"Basi nirudishe wewe mwenyewe. Usinipe mtu mwingine."

Nilimrudisha. Tuliongeza skrubu chini zaidi ili mzigo ugawanyike, na mfupa ukaunga. Mguu hauwaki tena. Lakini hatembei bila mkongojo, na jembe hakulishika tena.

Tangu siku hiyo naipima mifupa ya kila mgonjwa mzee kabla ya kisu. Natumia kizimba kipana kinachokalia kingo za pingili, kwa kuwa kingo ni imara kuliko katikati. Huo ndio ubao wa mzee dereva. Na mkono ukisema basi, naacha, hata picha ikiwa bado haipendezi. Naongeza kwamba tafiti zilizolinganisha vizimba vinavyopanuka na visivyopanuka hazijaonyesha waziwazi kwamba wagonjwa wa vile vinavyopanuka hupona vizuri zaidi, ilhali bei yake ni kubwa. Ni chombo kizuri mahali pake. Yule atakayekuambia kinamfaa kila mtu, mwulize anauza nini.

Vijana, nawaachia mambo matatu. Maumivu ya mgongo yasiyokwisha, yakifuatana na homa, jasho la usiku au kukonda, si ya kuchua kwa mafuta. Nendeni hospitali mapema, kabla miguu haijafa ganzi. Mtu akianguka au akigongwa barabarani, msimkunje na kumtupa nyuma ya gari. Mlazeni juu ya ubao, kichwa na kiwiliwili vikiwa mstari mmoja. Na la tatu, mtakapokosea katika kazi zenu, maana mtakosea, semeni kabla hamjaulizwa.

Ndugu Mwenyekiti, nimesikia kuna mchango wa kutengeneza upya karakana ya shule. Jina langu liandikwe. Bisibisi na spana nilianza kuzishika humo, chini ya lile paa linalovuja. Nawaomba wenzangu waandike pia, nanyi vijana mtakaoitumia mtuombee mikono yetu isitetemeke kabla ya kustaafu.