Mitandio Ndani ya Basi la Mandera

Nia njema, ambayo ndiyo salamu kuu ya msimu wa Krismasi, hutamkwa kwa wepesi sana katika wiki za mwisho wa Desemba, lakini thamani yake hujulikana pale inapomgharimu mtu kitu ambacho hakuna aliyemdai akitoe. Katika historia ya karibuni ya Afrika Mashariki ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko ule wa tarehe 21 Desemba 2015, siku 4 kabla ya Krismasi, ndani ya basi la abiria lililokuwa likitoka Nairobi kwenda Mandera, mji ulioko kwenye pembe ya kaskazini-mashariki ya Kenya, pale nchi hiyo inapopakana na Somalia na Ethiopia.

Uzito wa siku hiyo hauwezi kueleweka bila kuukumbuka mwaka uliotangulia. Tarehe 22 Novemba 2014 wapiganaji wa al-Shabaab, kundi lenye silaha lenye maskani yake Somalia, walisimamisha basi jingine lililokuwa likitoka Mandera kuelekea Nairobi, na miongoni mwa abiria wake walikuwamo walimu waliokuwa wamefunga shule na kuanza safari ya kurudi makwao kwa likizo ya sikukuu. Abiria walitakiwa kuisoma shahada, yaani tamko ambalo kwalo Mwislamu huikiri imani yake, na walioshindwa wakatengwa na kuuawa; watu 28 walipoteza maisha. Miezi michache baadaye, tarehe 2 Aprili 2015, utengaji wa namna hiyo hiyo ulifanyika katika Chuo Kikuu cha Garissa, ambako watu 148 waliuawa. Tangu hapo kila aliyepanda basi la kaskazini-mashariki alilijua swali ambalo angeulizwa endapo gari lingesimamishwa porini, na aliyeketi naye kiti kimoja alilijua pia.

Basi la 2015 lilikuwa na abiria zaidi ya 60, wengi wao Waislamu, na halikuwa na askari wa kulisindikiza liliposhambuliwa kwa risasi karibu na mji wa El Wak. Watu 2 waliuawa katika shambulio hilo, na vifo vyao havipaswi kufunikwa na sifa za yaliyotendeka siku hiyo. Wapiganaji walitaka abiria wajigawe, Waislamu upande wao na wasio Waislamu upande wao, na safari hii Waislamu wakakataa. Wanawake Waislamu walikuwa wamewapa Wakristo mitandio na hijabu wajifunike, wengine wakasaidiwa kujificha, na wapiganaji wakaelezwa kwamba ama wawaue wote pamoja ama wawaache wote waende zao. Wapiganaji waliondoka.

Inafaa kutua kidogo na kuitafakari mitandio hiyo. Mtandio ni nguo nyepesi ambayo mwanamke hujitanda kichwani na mabegani, na kwa anayeuvaa kwa imani ni sehemu ya stara yake mbele ya Mungu na mbele ya watu. Kumtanda mtu wa dini nyingine, kuzificha nywele zake zote na kuikaza ncha ya kitambaa chini ya kidevu, ni kazi ya muda mfupi mno, lakini katika muda huo mwenye mtandio anakuwa amejiunga na anayewindwa, kwa kuwa siri hiyo ikifichuka atakayeulizwa hatakuwa mmoja tena.

Wema wa kiwango hiki hauzuki ghafla, hata kama unaonekana kwa ghafla. Walimu wengi wasio wenyeji walikataa kurudi kaskazini-mashariki baada ya mauaji ya 2014, na wazazi wa huko walishuhudia madarasa yakikosa walimu, wakaona kwa macho yao nafasi iliyoachwa na wageni waliokuwa wakiwafundisha watoto wao. Wahenga waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, walikuwa wakieleza jambo ambalo Mandera ililifahamu kwa uchungu. Basi lile lilikuwa likielekea kwa wenyeji, na Wakristo waliokuwamo walikuwa wageni wanaokwenda katika nchi ya Waislamu walioketi nao. Isitoshe, mwaka huo wa 2015 Maulidi, sherehe ya kuzaliwa kwa Mtume Muhammad, na Krismasi, sikukuu ya kuzaliwa kwa Yesu, ziliachana kwa siku chache tu, hivi kwamba pande zote mbili za basi zilikuwa na sikukuu mbele yao.

Mashambulizi hayakukoma Mandera baada ya siku hiyo, kwa hiyo tumaini linalozungumzwa hapa haliwezi kuwa ahadi kwamba mabaya hayatarudi. Ni jambo dogo zaidi na imara zaidi: ujuzi kwamba amri ya kuwatenga watu, hata inapotolewa kwa bunduki, inahitaji ushirikiano wa wale wanaoambiwa kwamba wao wako salama, na kwamba ushirikiano huo unaweza kunyimwa na abiria wa kawaida wenye vumbi la safari na mizigo miguuni.

Miongoni mwa waliounyima alikuwa Salah Farah, Mwislamu na mwalimu wa shule huko Mandera, ambaye alipigwa risasi na kujeruhiwa. Akiwa hospitalini Nairobi aliwaeleza waandishi wa habari, bila kujikweza, kwamba Waislamu wawatunze Wakristo, ili Wakristo nao wawatunze Waislamu. Serikali ya Kenya ilimtunuku nishani, na filamu fupi ya mwaka 2017 iliyotokana na tukio hilo, *Watu Wote*, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka uliofuata, lakini yeye hakuyaona hayo. Majeraha yalimshinda, akafariki Januari 2016, wakati shule zilipokuwa zimekwisha kufunguliwa kwa muhula wa kwanza.